Kwa nini kikosi cha ugenini huwashangaza mashabiki: kocha anachagua nini, na kwa sababu gani

Majina ya wachezaji 11 wanaoanza hutangazwa takriban saa moja kabla ya mechi, na timu ikiwa ugenini mjadala huwaka papo hapo. Mfungaji tegemeo yuko benchi. Kiungo mchezesha timu hayupo kabisa, na nafasi yake amepewa kiungo mkabaji wa pili. Beki wa pembeni ambaye hajagusa mpira kwa wiki kadhaa ndiye aliyepangwa. Mashabiki huanza kuuliza kama kocha ameogopa, kama amegombana na nyota wake, au kama amekubali kushindwa kabla hata ya kuondoka nyumbani. Maswali hayo ni ya haki, kwa sababu shabiki anaipenda timu yake na ni mara chache anapewa maelezo ya kutosha. Hata hivyo, mengi kati yake yanatokana na dhana moja ambayo inafaa kusahihishwa mapema, nayo ni kwamba kikosi ni orodha ya wachezaji 11 bora wa klabu, hivyo aliye bora akikosekana lazima kuna kasoro mahali fulani.

Kikosi ni jibu la maswali ya mechi moja. Maswali yakibadilika, majina nayo hubadilika, na hakuna kitu kinachobadilisha maswali kama kwenda kucheza kwenye uwanja wa mwenzako.

Tuanze kwa kutenganisha maneno matatu ambayo huchanganywa kila siku. Kikosi ni watu, yaani wale 11 wanaoanza pamoja na walio benchi. Mfumo ni mpangilio wa watu hao uwanjani, unaoandikwa kwa tarakimu kuanzia kwa mabeki kwenda mbele bila kumhesabu kipa, kwa hiyo 4-3-3 ina maana ya mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Mbinu ni maagizo wanayopewa watu hao: waanze kukaba wapi, wakinasa mpira waupeleke upande gani, nani abaki nyuma wakati wenzake wamekwenda kupiga kona. Kikosi kilekile, katika mfumo uleule, kinaweza kucheza mechi mbili zisizofanana hata kidogo kwa sababu maagizo yamebadilika, na ndiyo maana ubishi mwingi juu ya tarakimu za mfumo huisha bila kugusa kilichoamua mchezo.

Ugenini kuna ugumu gani hasa?

Faida ya mwenyeji ni jambo lililopimwa, na kipimo kizuri zaidi kilipatikana bila mtu yeyote kukitarajia, pale Uviko-19 ilipofunga milango ya viwanja. Msimu wa 2020/21 wa Ligi Kuu ya Uingereza ulichezwa karibu wote bila mashabiki. Timu za ugenini zilishinda mechi 153 na wenyeji wakashinda 144, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika ligi ya juu ya nchi hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1888. Ujerumani nako, Bundesliga iliporejea Mei 2020 katika viwanja vitupu, wageni walishinda mara nyingi kuliko wenyeji. Nyasi zilikuwa zilezile, vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa vilevile, na safari bado zilikuwapo. Kilichoondoka ni watu jukwaani.

Tumezoea kudhani kwamba watu hao humtisha mchezaji mgeni. Huenda ni kweli kwa kijana anayeanza, lakini kelele zao humfikia pia mwamuzi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, waamuzi 40 walioneshwa video ya matukio ya mechi iliyochezwa Anfield, uwanja wa Liverpool, baadhi wakisikia kelele za uwanja na wengine wakitazama bila sauti yoyote. Waliosikia kelele waliona faulo chache za wenyeji kuliko walizoona wenzao waliotazama kimya. Mashabiki walipoondolewa viwanjani mwaka 2020, tafiti za ligi kadhaa za Ulaya zilionesha kuwa wageni walianza kupewa kadi za njano chache kuliko zamani. Kocha anayelijua hili husita kumpanga ugenini beki mwenye mazoea ya kukaba kwa kuteleza na kuvuta jezi ndani ya eneo la hatari, hata kama nyumbani kosa hilohilo hupita bila filimbi. Hapo tayari jina moja limebadilika, na kiwango cha mchezaji hakikuwa na uhusiano wowote na uamuzi huo.

Safari nayo ina uzito wake. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya Ulaya, na Barcelona, waliokuwa mabingwa watetezi wa Ligi ya Mabingwa, wakalazimika kwenda Milan kwa basi kucheza nusu fainali ya kwanza dhidi ya Inter. Walitangulia kufunga, kisha wakapoteza 3-1. Haitakuwa haki kusema basi ndilo lililowafunga, maana Inter walicheza vizuri mno usiku ule, na tutarudi kwao. Lakini miguu iliyokunjwa kitini kwa saa nyingi haiamki sawa na miguu iliyolala nyumbani, na daktari wa timu pamoja na kocha wa viungo huwa na neno katika kikosi kuliko mashabiki wengi wanavyofikiri.

Yapo pia mazingira yanayokataa mbinu fulani moja kwa moja. La Paz, nchini Bolivia, iko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 1 Aprili 2009 Argentina iliyofundishwa na Diego Maradona, Lionel Messi akiwa uwanjani, ilifungwa huko mabao 6-1. Hewa nyembamba humkata pumzi aliyetoka nchi tambarare, na mpira nao hukatiza kwa kasi ambayo kipa mgeni hakuizoea. Timu inayokwenda mahali pa namna hiyo haiwezi kupanga kumkimbiza mpinzani kwa dakika 90. Itawahitaji wachezaji wanaoweza kukaa na mpira na kupumzika wakiwa nao, na kwa sababu hiyo mkimbiaji hodari anaweza kumpisha mpiga pasi mtulivu asiyesifiwa na mtu.

Matokeo gani yanatafutwa?

Kabla ya kuwaza mpinzani, kocha huwaza hesabu. Inasemwa mara nyingi kwamba sare ugenini ni matokeo mazuri. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani, ushindi ulipokuwa na thamani ya pointi mbili, kwa sababu sare mbili zilikuwa sawa kabisa na ushindi mmoja na kipigo kimoja. Uingereza ilihamia pointi tatu mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Tangu hapo sare mbili hukupa pointi mbili, ilhali ushindi mmoja na kipigo kimoja hukupa tatu. Kwa timu inayofukuzia ubingwa, kwenda ugenini kutafuta sare kila mara ni kupoteza pointi taratibu bila kuonekana. Kwa timu inayopigania kutoshuka daraja na inayokutana na kinara wa ligi, sare hiyohiyo inaweza kuwa mali. Ndiyo maana huwezi kukihukumu kikosi bila kutazama msimamo wa ligi.

Mechi za mikondo miwili, yaani moja nyumbani na moja ugenini, zina hesabu yake, na hapa mkanganyiko ni mkubwa kwa sababu kanuni hazifanani. Mwaka 2021 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliiondoa kanuni ya bao la ugenini, ambayo jumla ya mabao ikiwa sare humpitisha aliyefunga mengi zaidi ugenini, lakini mashindano ya vilabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yaliendelea nayo. Aprili 2025 Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 na Al Ahly mjini Pretoria, wakaenda Cairo wakapata sare ya 1-1, na bao hilo moja likawapeleka fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Chini ya kanuni za sasa za Ulaya mechi ile ingeingia muda wa nyongeza. Kwa hiyo timu inayosafiri baada ya 0-0 nyumbani, katika mashindano yenye kanuni hiyo, haijabanwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa sare yoyote yenye mabao inaitosha. Kocha wake anaweza kuweka watu wengi nyuma, lakini lazima abakize mbele angalau mtu mmoja au wawili wenye uwezo wa kufunga kutokana na nafasi moja. Akiwatoa wote, amejinyima kitu pekee alichokifuata.

Kadi nazo zimo katika hesabu hii. Kwenye mashindano mengi kadi za njano hujumlishwa, na mchezaji aliyebakiza kadi moja kufungiwa huwa suala zito kabla ya mechi kubwa. Aprili 1999, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Juventus wakiwa mbele 2-0 ndani ya dakika 11 mjini Turin, Roy Keane aliifungia Manchester United bao la kwanza, kisha akaoneshwa kadi ya njano iliyomwondoa fainali. Paul Scholes alipatwa na hayohayo usiku uleule. United walishinda 3-2 na wakaenda kutwaa kombe bila viungo hao wawili. Kocha mwingine, katika mechi yenye uzito mdogo zaidi, humweka mchezaji wa aina hiyo benchi ili amlinde, na asubuhi yake husomwa kwamba wamegombana.

Kuchagua sehemu ya kuacha wazi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Uwanja wa kawaida wa mashindano makubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiwagawia wachezaji kumi wa ndani eneo hilo lote, kila mmoja angelazimika kulinda zaidi ya mita za mraba 700, jambo lisilowezekana. Timu ni kama mtu mrefu aliyepewa shuka fupi: akivuta afunike kifua, miguu inabaki nje, akivuta afunike miguu, kifua kinabaki nje. Hakuna mbinu inayofunika uwanja mzima. Mbinu ni uamuzi wa sehemu ipi iachwe wazi, na kikosi ni uteuzi wa watu wanaoweza kuishi na uamuzi huo.

Timu ikiamua kukabia juu, yaani kumbana mpinzani akiwa bado karibu na goli lake, inaacha eneo kubwa nyuma ya mabeki wake. Eneo hilo linadai mabeki wa kati wenye mbio na kipa asiyeogopa kutoka nje ya boksi lake. Timu ikiamua kurudi chini na kujipanga karibu na goli lake, eneo la nyuma ya mabeki linakwisha, lakini inampa mpinzani nusu ya uwanja wake pamoja na pembeni, hivyo krosi zitakuja nyingi. Sasa kinachotakiwa ni mabeki warefu wanaoruka, viungo wasiochoka kusogea kulia na kushoto kwa pamoja, na mbele mtu wa kupokea mpira mrefu na kukaa nao mpaka wenzake wafike. Kuna pia njia ya katikati, ya kumsubiri mpinzani kwenye mstari wa kati, ambayo timu nyingi huitumia ugenini kwa sababu inaacha kidogo nyuma na kidogo mbele.

Ukitazama kwa jicho hili, utaona kwamba beki wa kati mwenye mbio ambaye ni mhimili nyumbani anaweza kuwa chaguo la pili ugenini, iwapo timu imepanga kukaa chini na mpinzani anaishi kwa krosi. Hajashuka kiwango. Kazi aliyokuwa akiifanya vizuri haipo kwenye mechi hiyo.

Mambo haya huenda mpaka kwenye mguu anaotumia mchezaji. Februari 2007 Liverpool ya Rafael Benítez ilikwenda Camp Nou kucheza na Barcelona, ambako Messi, wakati huo bado kijana, alikuwa akicheza winga ya kulia na kuingia ndani kwa mguu wake wa kushoto. Liverpool walikuwa na John Arne Riise, beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto. Benítez akamsogeza Riise mbele kwenye kiungo, na pale nyuma akampanga Álvaro Arbeloa, aliyesajiliwa wiki chache tu kabla, anayetumia mguu wa kulia, na ambaye hajawahi kuanza mechi hata moja ya klabu hiyo. Kwenye karatasi uamuzi ule ulionekana wa ajabu. Lakini winga anayekata kuingia ndani kutoka kulia huenda upande wa mguu wa kulia wa beki anayemkabili, kwa hiyo beki wa mguu wa kulia hukutana naye kwa mguu wake wenye nguvu, wakati yule wa mguu wa kushoto hulazimika kunyoosha mguu wake dhaifu. Liverpool walitangulia kufungwa, wakasawazisha kupitia Craig Bellamy, na bao la ushindi la 2-1 akalifunga Riise aliyesogezwa mbele. Kwenye marudiano walipoteza 1-0 nyumbani, matokeo ya jumla yakawa 2-2, na wakapita kwa kanuni ya bao la ugenini tuliyoieleza. Kama ungelisoma jina la Arbeloa saa moja kabla ya mechi ile, ni vigumu kufikiri ungelielewa.

Kwa nini mkabaji wa pili huingia mahali pa mchezesha timu? Kwa sababu ugenini timu hupoteza mpira mara nyingi zaidi, na hatari kubwa iko katika zile sekunde chache baada ya kuupoteza, wakati mabeki wa pembeni bado wamepanda. Viungo wakabaji wawili huruhusu mmoja akimbilie pembeni kuziba na mwingine abaki mbele ya mabeki wa kati. Gharama yake ni kwamba pasi ya mwisho itatoka kwa nadra. Kocha anayefanya hivi huwa ameamua kwamba mabao yake yatapatikana kwa njia nyingine, yaani mashambulizi ya kushtukiza, kona na faulo.

Kurudi nyuma na kuogopa ni vitu viwili

Dhana inayoumiza wengi ni ile inayosema kwamba mabeki watano ni woga na washambuliaji watatu ni ujasiri. Katika 4-3-3 mawinga wawili wakirudi kusaidia ukabaji, timu hiyohiyo inakuwa 4-5-1. Katika 3-5-2 mabeki wa pembeni wakirudi inakuwa 5-3-2, na wakipanda, timu inaweza kuwa na watu wanne mbele kwa wakati mmoja. Tarakimu zinakupa picha ya mwanzo tu. Linalofaa kuulizwa ni hili: timu ikinasa mpira, ina nani wa kuutoa nje ya nusu yake?

Tumrudie Inter wa mwaka 2010. Marudiano yalichezwa Camp Nou tarehe 28 Aprili, Inter ya José Mourinho ikiwa na akiba ya 3-1. Kwenye karatasi ya majina alikuwamo mshambuliaji Goran Pandev. Akaumia wakati wa kupasha misuli, na nafasi yake akapewa Cristian Chivu, ambaye ni beki. Dakika ya 28 Thiago Motta akatolewa kwa kadi nyekundu, na kuanzia hapo Samuel Eto'o, mfungaji wa kiwango cha juu kabisa ambaye msimu mmoja nyuma alikuwa akiichezea Barcelona, alikaa karibu na boksi lake mwenyewe akikaba kama beki wa pembeni. Dakika ya 33 Messi aliingia ndani kutoka kulia na kupiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukielekea kona ya mbali ya goli, na kipa Júlio César akanyoosha mwili wote akautoa kwa ncha za vidole. Barcelona walikaa na mpira kwa zaidi ya robo tatu ya mchezo, lakini bao lao pekee, la Gerard Piqué, lilikuja dakika ya 84. Inter walifungwa 1-0, wakafuzu kwa jumla ya 3-2, na wakaenda Madrid kuwafunga Bayern Munich 2-0 katika fainali.

Wengi waliuita mchezo ule kupaki basi, yaani kujazana wote mbele ya goli, kana kwamba neno hilo linatosha kueleza. Tazama walichokiacha wazi: pembeni, na eneo lililo mbali na goli, ambako mpira ukiwa hapo hauui mtu. Walichokifunga ni katikati, mbele ya boksi, ambako Messi na Xavi walikuwa wakiwaangamiza wapinzani wote. Kipigo cha bao moja kilikuwa ndani ya hesabu yao tangu mwanzo, na kwangu mimi huo ni ujasiri wa aina yake, kwa sababu kukimbia dakika 60 bila mpira mkiwa pungufu hakuwezekani kwa mtu mwenye woga.

Miaka saba baadaye, kwenye uwanja uleule, Paris Saint-Germain walifika na akiba ya 4-0, kubwa kuliko ya Inter, na wakafungwa 6-1. Nao walirudi nyuma. Tofauti ni kwamba walirudi nyuma bila njia ya kutoka. Kila waliponasa mpira waliupoteza papo hapo, na Luis Suárez akawafunga dakika ya tatu tu. Walipothubutu kupanda kipindi cha pili, Edinson Cavani aligonga mwamba, kisha akafunga dakika ya 62, na bao hilo lilipaswa kuwatosha, maana Barcelona walihitaji matatu zaidi. Wakarudi tena chini, na mabao matatu yakaingia kuanzia dakika ya 88. Maamuzi ya mwamuzi yalilalamikiwa sana, na malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, timu iliyoonesha kwamba ikipanda inapata nafasi, kisha ikaacha kupanda, ilikuwa inamkaribisha mpinzani nyumbani kwake dakika baada ya dakika.

Umiliki wa mpira nao hupewa uzito kuliko unaostahili. Tarehe 6 Februari 2016 Leicester City walikwenda kwa Manchester City wakaacha wenyeji wakae na mpira, na wakashinda 3-1. Beki Robert Huth alifunga mawili, moja kutokana na faulo iliyopigwa na Riyad Mahrez na lingine kwa kichwa kutokana na kona. La kati alilifunga Mahrez mwenyewe. Msimu ule Leicester walishinda mechi 11 kati ya 19 za ugenini na kutwaa ubingwa. Inafaa pia kusema kwamba kocha wao, Claudio Ranieri, msimu ule hakubadilisha kikosi mara kwa mara. Timu yake ilikuwa imejengwa tangu mwanzo kusubiri na kushambulia kwa kasi, hivyo ugenini haukuidai kitu kipya. Kwa timu ya namna hiyo mtihani mgumu unaweza kuwa nyumbani, pale mgeni anapokaa chini na kukataa kupanda.

Walio benchi

Mwaka 2020 sheria za mchezo ziliruhusu kwa muda mabadiliko ya wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu, kwa sharti kwamba yafanyike katika vituo visivyozidi vitatu, mapumziko yasihesabiwe. Maana yake ni kwamba kocha anaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake wa ndani kabla ya filimbi ya mwisho. Kikosi kinachoanza kimegeuka kuwa sehemu ya kwanza ya mpango wenye sehemu mbili, na mijadala mingi bado haijalizingatia hilo.

Kwa hiyo mfungaji tegemeo aliyeanzia benchi ugenini mara nyingi amepewa kazi ya nusu saa ya mwisho. Dakika 60 za mwanzo, wenyeji wakiwa na nguvu na jukwaa likiwa nyuma yao, mbele huhitajika mtu wa kukimbia na kuwasumbua mabeki, hata kama hafungi sana. Mabeki hao wakishachoka, na wenyeji wakianza kupanda kwa pupa kwa sababu bao halijapatikana, nafasi zinafunguka nyuma yao, na hapo ndipo mwenye jicho la goli anapoingia. Mpango huu hushindwa wenyeji wakifunga mapema, kwa kuwa hawana tena haraka ya kupanda. Kocha anayeuchagua anajua hatari hiyo, na shabiki anayeupinga kwa hoja hiyo ana hoja nzuri.

Namna ya kuisoma karatasi ya majina

Majina yakitoka tena, anza na mabeki wa pembeni kabla ya kumtafuta mfungaji. Wakiwa ni wale wanaopenda kupanda, timu imekusudia kucheza. Wakiwa ni mabeki wa kati waliosogezwa pembeni, imekusudia kuvumilia. Kisha hesabu viungo wakabaji. Kisha tafuta mtu mwenye mbio, mmoja angalau, wa kupokea mpira ukitoka nyuma. Sheria ya kuotea (offside) humsaidia sana mtu huyo ugenini, kwa sababu mchezaji haotei akiwa bado kwenye nusu yake ya uwanja, na wenyeji waliopanda wote humwachia njia ndefu ya kukimbilia. Asipokuwapo mtu wa aina hiyo, si uwanjani wala benchi, hapo una sababu ya kweli ya kuwa na wasiwasi.

Jambo moja karatasi hiyo haiwezi kukuonesha, nalo ni urefu ambao timu yako imepanga kukabia. Hilo utaliona mapema mchezo ukishaanza, mara ya kwanza kipa wa wenyeji atakapouweka mpira chini aanzishe. Wachezaji wako wakisogea mpaka ukingoni mwa boksi lake, maagizo ni kubana juu. Wakirudi wote na kumsubiri kwenye mstari wa kati, maagizo ni kuvuta subira. Na ikiwa washambuliaji wawili wamesogea wakati mabeki wamebaki kwao, pengo la mita 40 likiwa limefunguka katikati, basi bado hawajaelewana, na kocha ataonekana amesimama ukingoni mwa eneo lake akiwapungia mkono wasogee.